Nauli Ishirini za Jumapili Moja

Mama aliyekaa pembeni yangu kwenye daladala la kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande alikuwa amepakata ndoo ya plastiki iliyojaa maandazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akasogeza goti ili nipate pa kuweka mguu. Nilidhani anakwenda kuuza. Kumbe maandazi yalikuwa ya vijana wa kanisa lake huko Chamazi, waliokuwa wanasubiri saruji tangu alfajiri, kwa sababu Jumamosi hiyo walikuwa wanamwaga jamvi. Miaka miwili wamesali juu ya mchanga, alisema, na majoho meupe ya kwaya yanarudi nyumbani yameshika udongo mpaka magotini.

Nilikuwa nakwenda hukohuko. Kwa siku mbili nilitaka kuona kanisa linavyoanza pembezoni mwa Dar es Salaam kabla halijapata hata kibao cha jina: nani anaamua liwe wapi, kiwanja kinapatikanaje, na fedha zinatoka mfukoni mwa nani. Jumamosi upande wa Temeke, Jumapili upande wa Kinondoni.

Asubuhi hiyo nilianzia Kivukoni, kwenye makanisa mawili ya enzi ya Mjerumani yanayotazama bandari. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897. Azania Front ya Walutheri, yenye mnara wake na mapaa ya vigae vyekundu, ilianza mwaka mmoja baadaye. Waliochagua viwanja vile walikuwa na mji mdogo mbele yao, mji ambao mtu aliweza kuuzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Hata mwaka 1967 sensa ilikuta humo watu 272,821 tu. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoani watu 5,383,728, na Wilaya ya Temeke peke yake, baada ya kumegwa Kigamboni, ilikuwa na watu 1,346,674. Hiyo ni karibu mara tano ya mji mzima wa 1967. Watu hao hawakai Kivukoni. Wako Mbagala, Chamazi, Mbande, Toangoma; ng'ambo ya pili wako Tegeta, Boko, Bunju, Mabwepande. Makanisa ya mawe yalibaki baharini, waumini wakahamia porini.

Chukua familia ya baba, mama na watoto watatu iliyojenga Mbande. Wanasali kanisa walilozoea tangu walipokuwa wapangaji mjini. Jumapili wanapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Watu watano mara nne: nauli ishirini. Wadogo wakipakatwa zinapungua kidogo, lakini bado ni fedha ambazo zingeingia kwenye kapu la sadaka, na zinaishia kwa kondakta. Nazifahamu nauli hizo. Nyumbani kwetu zilihesabiwa Jumamosi usiku juu ya meza ya chakula, sarafu kwa sarafu, na Jumapili ambayo hazikutimia mama alituimbisha hukohuko sebuleni. Watu wakiuliza kwa nini waumini wa pembezoni wanapoa imani, mimi naanza kwa kuuliza nauli.

Chamazi tulishuka kabla ya kufika uwanja wa Azam, tukakata kushoto kwenye njia ya mchanga. Kanisa lile ni la Kimethodisti, na Wamethodisti si wengi Dar es Salaam. Pwani yetu iliwaona mapema. Thomas Wakefield, Mwingereza, alianza kazi Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, akiongozwa na mmisionari Ludwig Krapf, na kazi ile ndiyo iliyozaa Kanisa la Methodist la Kenya, linalojitegemea tangu 1967. Tanzania mkondo mwingine ulitoka magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kanisa la United Methodist limeletwa hasa na Wakongo wa Katanga Kaskazini, na Askofu Mande Muyombo, aliyechaguliwa mwaka 2017, alikuwa akisimamia Tanzania pamoja na Katanga Kaskazini na Tanganyika ya Kongo. Fikiria ukubwa wa shamba hilo. Askofu wa eneo kama hilo hawezi kujua kwamba Chamazi kuna familia tisa zinazosali chini ya mwembe. Lazima Chamazi yenyewe ijihesabu.

Na kujihesabu si rahisi. Sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu 1967. Hakuna ofisi utakayokwenda ukaambiwa kata hii ina Wamethodisti wangapi, Walutheri wangapi, Wakatoliki wangapi. Kanisa la Chamazi lilijulikana lipo kwa sababu ya msiba. Kijana mmoja alifariki, mchungaji akaja kuzika kutoka mbali, na alipoanzisha wimbo pale uwanjani akasikia sauti nyingi zikiitikia bila kitabu. Baada ya maziko akawaomba walioujua wimbo wabaki kidogo. Walibaki watu wazima kumi na wanne. Baadhi walikuwa wamekaa mitaa miwili mitatu tu kutoka kwa wenzao kwa miaka, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Hayo nilisimuliwa na katibu wa kamati ya ujenzi, mwalimu wa shule ya msingi, huku tumesimama pembeni ya msingi na saruji ikishushwa kutoka kwenye kirikuu. Baada ya msiba ule walisali barazani kwa mmoja wao, kisha wakaomba darasa la shule. Darasa lilikuwa zuri, ila kila mtihani wa taifa ulipokaribia walitolewa. Ndipo wakaanza kutafuta kiwanja.

Nilimwomba anionyeshe daftari. Ni kaunta buku la kawaida, limefungwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, na kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: jina, jumuiya, ahadi, alicholipa, salio. Salio limeandikwa kwa penseli ili lifutike. Nilifuata jina moja kwa kidole. Mama huyo, muuza mihogo, alilipa kidogo kila wiki, akaruka wiki tatu, kisha akalipa za wiki nne kwa mkupuo. Katibu alikumbuka wiki zile tatu bila kutazama popote. Mtoto alilazwa. Jumuiya ilikwenda hospitali na uji, na hakuna aliyemkumbusha ahadi.

Nilisimama na daftari lile mkononi nikiwaza Bristol, Uingereza. Wamethodisti wa kwanza walijenga nyumba yao ya ibada huko mwaka 1739, wakabaki na deni. Februari 1742 walikutana kujadili deni hilo. Nahodha mstaafu aliyeitwa Foy akasema kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema wapo maskini wasioweza hata peni. Foy akajibu wamwekee yeye kumi na mmoja walio maskini kuliko wote: atawapitia kila wiki, na asiyeweza atamlipia. Wengine nao wakachukua kumi na mmoja kila mmoja. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakagundua mambo ambayo mimbarani hayaonekani: nani anagombana na mkewe, nani mgonjwa, nani amerudia ulevi. Kiongozi wao, John Wesley, aliona mara moja kwamba amepata kitu kikubwa kuliko fedha. Darasa la Kimethodisti, lile kundi la watu kumi na wawili hivi lenye kiongozi wake, lilizaliwa kwenye kikao cha deni.

Chamazi hawakulitoa Bristol. Hapa kwetu watu walishazoea kupangwa kwa nyumba kumi kumi tangu TANU ilipoweka mabalozi katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua jumuiya ndogo ndogo ndizo zibebe uhai wa parokia. Leo karibu kila dhehebu la Dar es Salaam lina jumuiya zinazokutana nyumbani kwa watu, mara nyingi Jumamosi alfajiri kabla ya kazi au katikati ya wiki jioni. Mtu wa jumuiya yako ndiye anayejua kwamba mtoto amelazwa. Ndiye pia anayekusanya mchango wa saruji. Kuna wanaosikitika kwamba vikao vya sala vimegeuka vya michango, na mahali pengine wana haki ya kusikitika. Nimekaa kwenye jumuiya ambako sala ilichukua dakika kumi na bahasha saa nzima. Lakini kile nilichokiona kwenye daftari lile la penseli ni fedha inayomfahamu mtoaji wake.

Mfuko mmoja wa saruji hutoa tofali thelathini hivi za inchi sita, fundi akiwa mwaminifu. Kwa hiyo ahadi nyingi hazitajwi kwa shilingi. Mtu anaahidi mifuko miwili, mwingine tripu ya mchanga, mwingine bati tano, kijana asiye na kazi anaahidi siku tatu za kubeba zege. Siku hizo tatu zinaandikwa kwenye daftari kama zinavyoandikwa bati.

Maji ya zege yalitoka kwa jirani. Nyumba inayopakana na kiwanja ni ya mzee Mwislamu mwenye kisima, na asubuhi hiyo alikuwa ameburuta mpira wa maji mwenyewe mpaka mpakani na kukaa kwenye kiti kuangalia vijana wasiuchane. Nitalisema hili wazi, kwa sababu wanaopanga kujenga makanisa hulisahau. Oktoba 2012, baada ya kisa cha watoto wawili na msahafu, makanisa kadhaa ya Mbagala yalivamiwa na kuchomwa moto. Wakazi wa huku hawajasahau. Kamati ya Chamazi ilipopata kiwanja, kabla ya kumwona fundi ilikwenda kupiga hodi: kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa imamu wa msikiti wa jirani, kwa kila nyumba inayopakana. Waliulizwa maswali mawili tu, maegesho yatakuwa wapi na spika zitaelekea upande gani. Ramani ya jengo ilibadilishwa kwa sababu ya swali la pili.

Saa saba mchana jamvi lilikuwa limefika nusu. Wanawake walipanga mstari kutoka kwenye rundo la kokoto, karai zikapita kutoka mkono hadi mkono, na aliyebeba ndoo ya maandazi sasa alikuwa katikati ya mstari, khanga imefungwa kibwebwe, akiongoza pambio.

Kiwanja ndicho kiini cha habari nzima. Tofali zinasubiri, bati zinasubiri, hata mchungaji anaweza kusubiri. Ardhi ya Dar es Salaam haisubiri. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, na wapimaji wakaingia Bunju, Mbweni, Mivumoni, Toangoma, Kibada, Kisota, Buyuni na kwingineko, wakachora barabara na kuacha nafasi za shule, zahanati, masoko na nyumba za ibada. Makanisa yaliyokuwa macho yaliomba mapema. Mengi hayakuomba, kwa hoja iliyoonekana ya busara: huko hakuna watu bado. Miaka kumi baadaye watu walikuwepo na kiwanja hakikuwepo, au kilikuwepo kwa bei ya mtu wa tatu. Na hiyo ni kwenye maeneo yaliyopimwa. Sehemu kubwa ya mji haijapimwa, unanunua kwa dalali, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, ukitumaini kwamba aliyekuuzia hajamuuzia mwingine wiki iliyopita.

Hata baada ya kununua, swali la jina linabaki. Kanisa jipya haliwezi kumiliki ardhi kwa jina la wanaosali humo. Dhehebu husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na mali zake hushikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kanisa moja changa nililosimuliwa habari zake, silitaji, lilinunua eneo kwa jina la mzee wake mwaminifu kwa sababu safari za ofisini zilikuwa nyingi na fedha za nauli hazipo. Mzee akafariki. Watoto wake, ambao wengine hawakuwa wa dhehebu hilo, wakaliona eneo kama urithi wa baba yao, na kwa karatasi walizokuwa nazo hawakukosea. Wesley alikutana na jambo hilohilo. Mwaka 1763 alitoa hati ya mfano ili nyumba zote za kuhubiria zishikwe na wadhamini kwa ajili ya jumuiya nzima, zisigeuke mali ya mtu au ya kikundi. Katibu wa Chamazi aliponionyesha bahasha ya kaki yenye nakala ya hati ya mauziano, jina la mnunuzi lilikuwa la bodi ya wadhamini. Aliishika bahasha ile kwa mikono miwili.

Jumapili nilipanda gari Mwenge saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barabara ya Bagamoyo ikatupitisha Tegeta, chini ya kilima cha Wazo ambako saruji ya Twiga imekuwa ikisagwa tangu miaka ya 1960, na Bunju nikachukua bodaboda kwenda Mabwepande.

Mabwepande ni mahali ambapo mafuriko ndiyo yaliyopanga mji. Desemba 2011 mvua kubwa zilijaza bonde la Msimbazi, nyumba za Jangwani na mabondeni zikasombwa, na serikali ikawapa waathirika viwanja huku, zaidi ya kilomita thelathini kutoka walikozoea kufanya vibarua. Watu walifika wakiwa na mahema na magodoro. Waliacha nyuma makanisa, misikiti, vicoba, jirani wa kukopana chumvi. Hakuna idara ya mipango ya dhehebu lolote iliyokuwa na Mabwepande kwenye orodha yake ya mwaka uliofuata. Kanisa la Kilutheri nililokwenda lilianza na akina mama wanne waliotambuana kwa vitenge vya umoja wa wanawake.

Walutheri wana ngazi zao. Kikundi kinachosali mbali na kanisa mama huwa mtaa, kinapelekewa mwinjilisti, na kikikua mpaka kuweza kumtunza mchungaji na kutoa mchango wake kwa dayosisi huombewa kuwa usharika. Kwenye karatasi ni ngazi fupi, lakini mahali kama hapa zinaweza kupita Krismasi nyingi. Mwinjilisti wa pale anaishi chumba kimoja cha kupanga, anaendesha baiskeli, na kengele yake ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, inayogongwa kwa kipande cha nondo. Boma limesimama mpaka kwenye lenta. Paa ni turubai la rangi ya bluu.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na makanisa ya katikati ya mji, na nalisema nikiwa muumini wa mojawapo. Kila usharika mkubwa una mradi: marumaru, viyoyozi, ukumbi wa harusi, uzio mpya. Sipingi. Lakini katika mpango wa kila mwaka ningependa kuona mstari mmoja usioguswa, wa kununua ardhi mahali ambapo bado kuna mikorosho, hata kama hakuna Mkristo hata mmoja anayeishi hapo leo. Vikundi vya pembezoni vinaweza kupandisha boma vyenyewe. Nimeona kwa macho yangu wakibeba zege. Kisichowezekana kwao ni kukimbizana na bei ya kiwanja kwa fedha ya mihogo. Usharika wa mjini ukinunua mapema, unawaondolea mzigo ambao peke yao wangeubeba miaka kumi. Na tafadhali, kiwanja kiwe cha kutosha nyumba ya mchungaji, choo cha heshima na kivuli cha watoto wa shule ya Jumapili, kwa sababu eneo lililobanwa likishajengewa haliongezeki tena.

Ibada iliisha saa nne na nusu, tukatoka nje kwa mnada. Asiyewahi kuuona hawezi kuelewa fedha za makanisa yetu. Waliokosa shilingi walikuwa wamemtolea Mungu walichonacho: mkungu mmoja wa ndizi, mashada ya mchicha, kuku wawili waliofungwa miguu, muwa, na kwenye kisahani cha bati, yai moja. Lilitolewa na binti wa miaka saba hivi kutoka kwa kuku wake mwenyewe. Mzee wa kanisa aliyekuwa dalali akalinyanyua juu. Bei ikaanza kwenye bei ya dukani, ikapanda. Aliyelinunua akalirudisha liuzwe tena. Wa pili naye akalirudisha. Wa tatu, kijana wa bodaboda aliyenileta na ambaye nilidhani ameshaondoka, akatoa noti mbili na kumpelekea yai bibi mmoja aliyekaa kwenye mzizi wa mwarobaini.

Mtunza hazina alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, meza yake ni ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Nilisogea kuona anaandikaje. Ndizi, kuku na mchicha aliviandika kwenye ukurasa wa bati. Alipofika kwenye yai alifungua ukurasa mwingine, mpya, wenye mistari mitatu tu iliyojazwa, nikalazimika kuinama kusoma kichwa chake. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: KIWANJA, MPIJI. Nilimuuliza kama Mpiji tayari kuna waumini. Akasema kuna familia moja, na wiki iliyopita wamemwona mtu akishusha tofali.